Absolvo: herufi iliyomfungua mshtakiwa wa Kirumi

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili. Kwenye semina mwenzetu mmoja alisema Warumi walipomwachia mshtakiwa walitumia neno absolvo, na kwamba maana yake ni 'huna hatia'. Mwingine akadai walikuwa wanapiga kura kwa herufi. Mhadhiri alikuwa na haraka, akapita. Je, ni kweli? Na mtu akishaipata hiyo absolvo, kesi ilikuwa imekwisha kabisa, au ni kama huku kwetu, mtu anaachiwa saa tatu, saa tatu na dakika tano anakamatwa tena mlangoni? Halafu mwezi ujao tuna mahakama ya mazoezi na mimi nimepangiwa ujaji. Naweza kulitumia hilo neno?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na huyo wa pili, maana hana la kusahihishwa: Warumi walipiga kura kwa herufi kweli, na nitakuonyesha kibao chenyewe. Wa kwanza amepatia neno, amekosea maana. Na kosa lake tukilifuata vizuri ndilo litakalotufikisha kwenye lile swali lako la mlangoni.

Absolvo ni kitenzi, nafsi ya kwanza, wakati uliopo. Ab ni "kutoka kwenye"; solvo ni kulegeza, kufungua kilichofungwa. Nahodha akifungua kamba za chombo ili atweke tanga, hiyo ni solvo. Mdeni akilipa, hiyo nayo ni solvo, kwa sababu deni kwa Mrumi lilikuwa kamba: neno lao obligatio limetokana na ligare, kufunga. Basi mwamuzi aliyesema absolvo alikuwa anasema "namfungua". Basi. Hakusema huyu ni mtu mwema, hakusema hakuua, hakusema mashahidi ni waongo. Kamba itoke, mtu aende.

Sisi Waswahili hili tunalipata upesi, maana jela kwetu ni kufungwa na aliyemo ni mfungwa. Ila angalia tofauti moja. Kwetu kamba ya lugha huja na hukumu. Roma ilikuja mapema zaidi, siku ile preta, ofisa aliyesimamia mahakama, alipokubali jina lako liingizwe kwenye orodha ya washtakiwa. Kuanzia hapo wewe ni reus. Desturi ilikutaka uvae nguo chakavu za msiba, uache nywele na ndevu ziote, na ndugu zako wakusindikize barazani wakiwa hivyo hivyo. Mji mzima ulikuona umefungwa kabla mtu hajasikiliza shahidi hata mmoja. Hiyo ndiyo kamba iliyokuwa inafunguliwa.

Sasa kibao. Maelezo bora tuliyo nayo yamo kwenye vipande vya bamba la shaba nyeusi lililochongwa sheria ya kuwashtaki watawala walionyang'anya mali za watu wa majimboni. Sheria hiyo ni ya takriban 123 au 122 KK, enzi za Gaius Gracchus. Vipande vyenyewe viliwahi kuwa mali ya kardinali Pietro Bembo, na leo vimegawanyika, vingine viko Naples na vingine Vienna. Sheria inaeleza mambo hatua kwa hatua kama mtu anayemfundisha karani mpya kazi. Kuna orodha ya watu 450 wanaoweza kuwa waamuzi. Mshtaki anachagua 100. Mshtakiwa anachagua 50 kati ya hao. Hawa si mahakimu wa kuajiriwa, ni raia. Wala usiwafananishe na wazee wa baraza wetu wanaotoa maoni tu, kwa sababu hawa kura yao ndiyo iliyoamua.

Kila mmoja alipewa kibao kidogo cha mti mgumu uitwao buxus, urefu wake vidole 4, kama sentimita 7 hivi za leo, kimepakwa nta pande zote mbili. Upande mmoja A, upande wa pili C. A ni absolvo. C ni condemno, "namtia hatiani". Mwamuzi anafuta herufi asiyoitaka. Halafu anautembeza mkono wake mpaka kwenye mtungi mbele ya watu, mkono ukiwa wazi bila kufunikwa na vazi, vidole vimefunika herufi, anadondosha.

Nilipokuwa bado nafundisha, kila mwaka niliomba mabaki ya mbao kwa fundi seremala wa jirani, nikayeyusha mshumaa, nikawatengenezea wanafunzi vibao vyao. Waliona ni mchezo wa watoto mpaka walipojaribu. Nta ya mshumaa ikipoa ni ngumu, ukucha unateleza. Mwenye haraka alibakiza mguu wa A upande aliodhani ameufuta, na kura yake ikazua ubishi wa nusu saa. Lakini jambo walilokuwa wanalielewa palepale, bila mimi kufungua mdomo, ni lile la mkono. Mkono ukiwa wazi, kila mtu anaona umeshika kibao kimoja tu, hukuficha cha pili kwenye mikunjo ya nguo. Vidole vikiwa juu ya herufi, hakuna anayejua umechagua nini. Waliotunga sheria ile walikuwa wanawajua watu wao.

Na walihitaji kuwajua. Kura ya siri haikuwa ya zamani sana Roma. Katika kesi zilizoamuliwa na mkutano wa wananchi iliingizwa na sheria ya Lucius Cassius Longinus Ravilla mwaka 137 KK, isipokuwa kwa kosa la uhaini, ambalo nalo liliongezwa na Coelius Caldus mwaka 107 KK. Familia hizi mbili zilijivunia mambo hayo hata wajukuu wakayapiga chapa kwenye sarafu. Sarafu ya fedha ya Quintus Cassius Longinus ya mwaka 55 KK ina hekalu la Vesta, na pembeni mtungi upande mmoja, kibao upande wa pili. Kwenye kibao unasoma AC. Sarafu ya Caldus ya mwaka 51 KK ina kibao chenye L na D. Hizo ni libero na damno, herufi za mkutano wa wananchi. Mimi huwa nasimama hapa kidogo, kwa sababu libero maana yake hasa ni "namweka huru". Kwa hiyo neno letu la mahakamani, kuachiwa huru, undugu wake wa karibu ni na ile L ya wananchi kuliko A ya waamuzi. Si kwamba tumelirithi kutoka huko. Ni watu wawili waliokutana kisimani bila kuagana.

Kuhesabu kulikuwa rahisi mwanzoni: wengi wakisema C, mtu ana hatia, kura zikilingana, amefunguliwa. Kwa mahesabu hayo aliyekuwa na pesa alijua anahitaji kununua waamuzi wangapi. Kwenye kesi ya Oppianicus, mwaka 74 KK, waamuzi walikuwa 32. Cicero, wakili mashuhuri wa Roma, anasimulia kwamba mwamuzi mmoja, Staienus, alipokea sesterce (sarafu za Kirumi) 640,000 akawagawie wenzake 16, kila mmoja 40,000. Zidisha mwenyewe, kisha gawanya 32 kwa 2. Staienus akazila zote peke yake na kupiga kura ya C. Kura za kumfungua Oppianicus zilikuwa 5 tu. Bwana yule alihongeka, kisha hakutoa hata huduma aliyolipiwa.

Wanunuzi nao wakajifunza. Ukimlipa mtu naye kura ni ya siri, utajuaje kama amekufanyia kazi? Mwaka 70 KK, akimshtaki Verres, aliyekuwa gavana wa Sicily, Cicero aliwakumbusha waamuzi juu ya kashfa ya vibao vilivyopakwa nta ya rangi tofauti. Aliyenunuliwa alipewa nta yake, na mwenye pesa akifungua mtungi anajua nani ametimiza ahadi. Ile siri ya vidole juu ya herufi ikawa imekufa kwa rangi.

Halafu kuna kesi ya Clodius, mwaka 61 KK, ambayo kwangu ndiyo inayoeleza vizuri kuliko zote absolvo ilivyoweza kufanya na isivyoweza. Clodius, mwanasiasa kijana, alituhumiwa kujipenyeza, amevaa nguo za kike, kwenye ibada ya mungu wa kike Bona Dea, ibada ambayo mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia, na ilifanyika nyumbani kwa Julius Caesar. Alijitetea kwamba siku hiyo hakuwepo mjini. Cicero akatoa ushahidi kwamba walionana Roma siku hiyohiyo. Waamuzi wakajifanya wana hofu ya ghasia, wakaiomba Seneti walinzi, wakapewa. Mkono mtupu haulambwi: kura zikahesabiwa, 25 wakasema C na 31 wakasema A. Catulus, mzee wa heshima, alipokutana na mmoja wao akamuuliza: mlitutaka walinzi wa nini, mliogopa msije mkaporwa zile pesa?

Kisheria Clodius alikuwa amefunguliwa. Hakuna aliyemgusa kwa shtaka lile tena, na aliendelea kugombea vyeo. Lakini hakuna Roma aliyesema hakuingia kwenye ibada ile. Kibao kilifungua kamba, hakikuosha jina.

Nadhani ndiyo maana preta alipotangaza matokeo hakusema "hana hatia". Fomula yake ilikuwa fecisse videtur kwa anayetiwa hatiani, na non fecisse videtur kwa anayeachiwa. "Anaonekana kuwa ametenda." "Anaonekana hakutenda." Sikiliza lile "anaonekana". Warumi hawakujidai kwamba watu 50 au 70 wenye vibao vya nta wameona moyo wa mtu. Wamesikia, na kwao imeonekana hivi. Jaji wetu akisema upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha kesi bila kuacha shaka, yuko jirani kabisa na videtur.

Cicero mwenyewe aliipa ile A jina: herufi ya wokovu. C akaiita herufi ya huzuni. Hayo yamo kwenye utetezi wake wa Milo, aliyeshtakiwa mwaka 52 KK kwa kumuua huyo huyo Clodius. Wakati huo kila tabaka la waamuzi lilikuwa na hesabu yake, kwa sheria ya mwaka 59 KK, ndiyo maana tunajua nani alipiga vipi: maseneta 12 walimtia hatiani na 6 wakamfungua, wapanda farasi, yaani tabaka la matajiri wasio maseneta, 13 kwa 4, na matribuni wa hazina, tabaka lililowafuata, 13 kwa 3. Jumla 38 dhidi ya 13. Milo alikuwa amekataa kuvaa nguo za msiba na kufuga nywele kama washtakiwa wengine, na wapo waliosema kiburi hicho kilimponza. Alikwenda kuishi uhamishoni Massilia, Marseille ya leo. Cicero alipomtumia ile hotuba ikiwa imeandikwa upya na kupambwa, Milo alijibu kwamba ni bahati nzuri haikusemwa hivyo mahakamani, la sivyo yeye asingekuwa huko anakula samaki watamu namna ile.

Sasa kabla sijafika mlangoni, kuna herufi mbili ambazo wanafunzi huzichanganya na A: NL, non liquet, "haijawa wazi". Huko si kuachiwa. Ni kusema bado. Chini ya ile sheria ya bamba la shaba, waamuzi wa kutosha wakisema haijawa wazi, kesi ilirudiwa kusikilizwa. Na sheria ilikuwa macho na wavivu: aliyekataa kuamua zaidi ya mara mbili katika kesi moja alipigwa faini ya sesterce 10,000. Lucius Cotta, aliyeshtakiwa na jenerali mashuhuri Scipio Aemilianus katika karne ya 2 KK, kesi yake iliahirishwa mara 7 na mara ya 8 ndipo akafunguliwa. Inasemekana waamuzi waliogopa isije ikaonekana amezamishwa na ukubwa wa jina la mshtaki.

Mfano ninaoupenda wa NL hautoki kwenye kesi kubwa. Aulus Gellius, mwandishi wa karne ya 2 BK, aliteuliwa kuwa mwamuzi wa kesi za madai akiwa kijana. Mbele yake akaja mtu mwenye sifa njema mji mzima, anadai pesa, hana hati wala shahidi. Mdaiwa ni tapeli anayejulikana, amewahi kuumbuliwa kwa uongo, naye amekuja na kundi la mawakili wanaopiga kelele: lete ushahidi! Moyo wa Gellius ulikuwa kwa mdai. Marafiki zake wenye uzoefu wakamwambia hapa hakuna kazi, mfungue mdaiwa, hakuna ushahidi. Mwanafalsafa Favorinus akamwambia kinyume, amwamini aliye mwema. Gellius akaona yeye ni mdogo mno kuhukumu tabia za watu badala ya matendo yao, na wakati huohuo akashindwa kutamka absolvo. Akala kiapo kwamba kwake haijawa wazi, akaachana na kesi ile. Binti yangu, siku utakapokaa kwenye kiti hicho utakuta hata sisi hatuna mlango huo. Jaji wetu lazima aamue, na palipo na giza mwenye mzigo wa kuthibitisha ndiye anayeshindwa.

Haya, mlangoni. Kanuni yao ilikuwa wazi. Ulpianus, mwanasheria ambaye maneno yake yamehifadhiwa kwenye Digesta, mkusanyo wa sheria wa mfalme Justinianus, anaandika kwamba gavana asikubali mtu ashtakiwe tena kwa makosa yaleyale aliyokwisha kuachiwa. Tena mshtaki aliyeshindwa alikuwa na la kuogopa: akionekana alishtaki kwa uongo, naye alishtakiwa kwa kosa la calumnia, na sheria ilizungumzia herufi nyingine, K, ya kupigwa kwenye paji la uso. Mwanya ulikuwa mmoja mkubwa, nao ni wa haki. Kama mshtaki alikula njama na mshtakiwa, akafanya kesi legelege makusudi ili rafiki yake aipate A, basi ile A haikuwa na nguvu na kesi iliweza kuanza upya. Walikuwa na neno lake, praevaricatio.

Lakini kanuni ni kanuni, na watu ni watu. Mwaka 51 KK Marcus Servilius alishtakiwa kwa pesa za dhuluma. Kura zikagawanyika kwa matabaka. Preta, Laterensis, ambaye Caelius anamwandikia rafiki yake Cicero kwamba sheria hakuijua, akasoma kila tabaka limeamua nini, akatamka maneno ya kawaida ya kufunga shauri. Watu wakaondoka wakijua Servilius amefunguliwa. Kisha preta akaisoma sheria upya, akakuta inasema hukumu ni ya waamuzi walio wengi. Kwenye kitabu cha mahakama hakuandika kwamba amefunguliwa. Aliandika tu kila tabaka limesemaje. Caelius anamaliza kwa kejeli: Servilius, hakufunguliwa wala hakuhukumiwa, anakabidhiwa akiwa na majeraha kwa mshtaki wa pili, Pilius, aliyekuwa anamsubiri. Kwa hiyo ule mlango wako, binti yangu, una umri wa miaka zaidi ya 2,000.

Baada ya jamhuri, vibao vilipungua umuhimu na hukumu ikawa ya ofisa mmoja au ya mfalme. Augusto, katika kesi ya wosia wa kughushi, aliwapa waliokaa naye vibao vitatu: cha kutia hatiani, cha kufungua, na cha kuwasamehe waliotia sahihi kwa kudanganywa au kwa kukosea. Naona ni busara kubwa, ingawa haikudumu. Na mwaka 359 BK, Julianus akisikiliza kesi ya aliyekuwa gavana wa Narbonne, mshtaki aliyekosa ushahidi alilipuka: Mtukufu Kaisari, nani atakayekuwa na hatia ikiwa kukana kunatosha? Julianus akajibu: na nani atakayekuwa hana hatia ikiwa kushtakiwa kunatosha?

Zama za Kati zikaharibu jambo. Kanisa lililichukua neno likafanya nalo kazi yake, ego te absolvo, padri anapomfungua muungamaji dhambi, na hapo hakuna tatizo. Tatizo lilikuwa kwenye mahakama za Ulaya Bara, ambako kulizuka kitu kilichoitwa absolutio ab instantia: mtu anafunguliwa kutoka kwenye shauri hili tu, si kutoka kwenye shtaka. Ushahidi haukutosha leo. Anakwenda nyumbani, lakini ukipatikana mwingine kesho anaitwa. Mtu aliweza kuzeeka hivyo, si mfungwa, si huru. Mageuzi ya karne ya 19 yaliifuta katika kesi za jinai. Jina limebaki hai Afrika Kusini na majirani zake wanaofuata sheria ya Kirumi na Kiholanzi, ila huko ni kwenye kesi za madai: mdai akishindwa kuleta ushahidi wa kutosha, mdaiwa anaachiwa "kutoka kwenye shauri", na mdai anaruhusiwa kurudi akijipanga vizuri. Scotland nao wana amri ya absolvitor, na hiyo ni kinyume chake, inafunga mlango moja kwa moja. Hao hao Waskoti ndio waliokuwa na uamuzi wa tatu kwenye jinai, "haikuthibitika", ambao mshtakiwa alikwenda nao nyumbani huku majirani wakimkodolea macho. Bunge lao lilipitisha sheria ya kuufuta mwaka 2025.

Uingereza, ambako sheria zetu za mwenendo zilitoka, hawakushika absolvo kabisa. Makarani wao, waliokuwa wakiandika kumbukumbu za mahakama kwa Kilatini mpaka mwaka 1733, waliandika inde quietus, "basi ametulia juu ya hilo". Kutoka quietus, kupitia Kifaransa, Waingereza wakapata acquit yao. Hivyo unapotafsiri acquittal kwa absolvo unaunganisha nyumba mbili zisizo na babu mmoja, ingawa kazi ni ileile.

Kwetu sasa. Magazeti huandika "aachiwa huru" kwa mambo mawili tofauti, na huko ndiko wanafunzi wanakopotelea. La kwanza ni pale mahakama imesikiliza na kusema mshtakiwa hana kesi ya kujibu, au mashtaka hayakuthibitika. Hiyo ndiyo A. Akishtakiwa tena kwa kosa lilelile anainua mkono na kusema nilikwisha kuachiwa, na Kenya haki hiyo imo kwenye ibara ya 50 ya Katiba ya 2010. La pili ni mashtaka kufutwa. Tanzania, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, Mkurugenzi wa Mashtaka akileta nolle prosequi, yaani haoni haja ya kuendelea, mtu anatoka, lakini kutoka huko peke yake hakuzuii kesi kufunguliwa upya. Machi 2022 kesi ya ugaidi iliyowakabili Freeman Mbowe na wenzake 3 iliisha hivyo, wiki 2 baada ya mahakama kusema wana kesi ya kujibu. Mitaani ikasemwa wameachiwa huru. Kisheria, mashtaka yalikuwa yamefutwa. Kenya wameweka komeo: mwendesha mashtaka anahitaji ruhusa ya mahakama, na akiondoa kesi baada ya kufunga ushahidi wake, ibara ya 157 inataka mshtakiwa aachiwe huru kabisa. Wanaokamatwa mlangoni kwa kosa lilelile, karibu wote ni wa kundi la pili. Hawakupewa A. Wamepewa kitu cha jamii ya absolutio ab instantia, bila mtu kuwaambia jina lake.

Kwenye mahakama ya mazoezi usiseme absolvo. Sema "namwachia huru", taja kifungu, eleza ni shtaka lipi. Ukitaka kuwafurahisha wenzako, tengeneza vibao. Tumia nta ya nyuki, si mshumaa wa dukani, inafutika kwa kidole gumba. Na ukiwasomea neno lenyewe, v ya Kilatini cha enzi za Cicero ilitamkwa kama w yetu: absolwo.